Bamba la Chuma Kwenye Ufuo wa Rumonge: Mjadala wa Sauti Tano

Ukifika Rumonge kwa barabara ya kutoka Bujumbura, ziwa likiwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, unakutana na jengo la aina moja linalozidi kuongezeka: nguzo nyembamba za zege, sakafu mbili au tatu juu yake, maduka chini, vyumba vya kupangisha juu. Huko juu kuna kuta za matofali kila upande. Chini hakuna. Chini kuna milango mipana ya chuma, kwa sababu duka lililofichwa na ukuta haliuzi.

Jengo hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Uzito wake linaubeba vizuri. Ninachotaka kujua ni litashikwa na nini siku ardhi itakapolisukuma ubavuni. Wahandisi wa nchi zenye matetemeko makubwa wana majibu mengi, na mojawapo ni ukuta wa mabamba ya chuma: bamba jembamba linalochomelewa ndani ya fremu ya nguzo na mihimili, kuanzia kwenye msingi mpaka kwenye paa. Je, jibu hilo lina nafasi kwetu? Hoja zinazosikika kwenye ufuo huu nimezigawia sauti tano na kuziita kwa kazi zao: Mama anayeuza mawese kwa jumla na mwenye kiwanja, Mchomeleaji wa mageti, Mzee Mwashi, Injinia, ambaye bado ni kijana, na Muuguzi. Nami nimejipa haki ya kuingilia kati.

MAMA: Kiwanja changu kina mita kumi na mbili kwa mbele. Nataka maduka manne, stoo ya mapipa ya mawese nyuma, na ghorofa mbili za wapangaji juu. Kila fundi anayekuja ananipunguzia nafasi. Mzee Mwashi anataka ukuta wa matofali huku, ukuta wa matofali kule. Kijana huyu wa mageti ananiambia bamba la milimita tatu linafanya kazi ya ukuta wa sentimita ishirini. Mimi nahesabu nafasi, na nafasi ni kodi ya kila mwezi.

MCHOMELEAJI: Na sikukudanganya, Mama. Huko Marekani na Japani wameweka mabamba kwenye majengo ya ghorofa thelathini, hamsini. Chuma nakijua. Nipe bamba, nipe nguzo za chuma, nipe umeme usiokatika, nitakuchomelea ukuta.

MZEE MWASHI: Tangu nianze kushika pimamaji sijaona nyumba ya Rumonge ikianguka kwa tetemeko. Nimeziona zikianguka kwa mvua, kwa mito ishukayo milimani, kwa ziwa kupanda. Mnatuletea hofu za watu wa mbali, halafu mnatuuzia na dawa yake.

INJINIA: Mzee wangu, umri wa mtu ni mfupi mno ukilinganisha na umri wa ufa tunaoishi juu yake. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470 kwa sababu ardhi ilipasuka ikazama, na bado inaendelea kupasuka. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko linalokadiriwa kuwa la 7.4 lilitikisa upande wa Rukwa, kusini-mashariki mwa ziwa. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja la 6.8, chini ya ziwa lenyewe, kati ya Kalemie na Tanzania. Nyumba zilianguka Kalemie, watu wakafa, na mtikiso ukasikika mpaka Bujumbura. Tarehe 3 Februari 2008, karibu na Bukavu, 5.9. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wako kanisani. Upande wa Rwanda walikufa zaidi ya 30. Tarehe 10 Septemba 2016, Bukoba, 5.9 tena: watu wasiopungua 17. Hayo mawili ya mwisho hayakuwa makubwa hata kidogo. Kilichoua pale ni kuta za matofali zisizofungwa na chochote.

Naongeza jambo moja ambalo Injinia amelipita haraka. Mji wa Rumonge haujakaa juu ya mwamba. Umekaa kwenye tambarare ya Imbo, juu ya mchanga na udongo ulioletwa na mito kutoka milimani, na kwenye viwanja vya karibu na ziwa huchimbi sana kabla ya kukuta maji. Udongo wa namna hiyo hukuza mtikiso, na ukiwa mchanga uliojaa maji unaweza kulegea kabisa chini ya msingi. Kwa hiyo tetemeko la mbali linaweza kufika hapa likiwa na nguvu kuliko litakavyofika kwenye vilima vya Bururi.

MAMA: Haya, tetemeko lipo. Lakini linasukumaje? Upepo wa ziwa nauelewa, umeshaning'olea mabati.

INJINIA: Upepo unalisukuma jengo kutoka nje. Tetemeko halilisukumi, linaivuta ardhi iliyo chini yake. Ardhi inakimbia upande mmoja, uzito wa jengo unabaki nyuma, na katikati kuna nguzo zinazopinda. Kadiri jengo lilivyo zito ndivyo linavyojiumiza. Chukua kipande cha ukuta cha mita tatu kwa tatu. Kikiwa cha matofali ya sentimita ishirini, kina zaidi ya tani tatu. Kikiwa cha zege la unene huohuo, kinapita tani nne. Bamba la milimita tatu la ukubwa huo lina kilo 212. Hapo kijana anasema kweli, na si jambo dogo.

MZEE MWASHI: Kilo 212, sawa. Lakini bamba hilo mtu akiliegemea linabonyea. Kitu kinachobonyea kwa bega la mtu ndicho kitakachozuia ghorofa tatu?

Swali hili la Mzee liliwachukua wahandisi miaka mingi, kwa hiyo nimempa Injinia nafasi ya kutosha kulijibu.

INJINIA: Wajapani waliogopa jambo hilohilo, Mzee. Walipoanza kujenga hivi Tokyo, mnamo mwaka 1970, walichomelea mbavu nyingi juu ya bamba, za wima na za mlalo, ili lisijikunje hata kidogo. Ukuta ulifanya kazi, ila ulikuwa ghali, maana kila ubavu ni mita kadhaa za kuchomelea. Kumbe jibu jepesi lilikwisha kupatikana kwa watengenezaji wa ndege. Karibu na mwaka 1930, Mwaustria Herbert Wagner alionyesha kwamba bati jembamba la ubavu wa ndege halifi linapojikunja. Linabadilisha namna ya kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Geoffrey Kulak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakalileta wazo hilo kwenye majengo. Walisema, liacheni bamba lijikunje. Fremu ikisukumwa ubavuni, mraba unataka kuwa msambamba. Mshazari mmoja unafupika, na bamba haliwezi kusukumwa, linajikunja. Mshazari wa pili unarefuka, na huko bamba linavutwa. Chuma kinapovutwa wembamba haukidhuru.

MAMA: Kama kanga ukiishika ncha mbili zinazotazamana ukavuta. Inafanya mikunjo lakini haichaniki.

INJINIA: Ndivyo hasa, Mama. Mikunjo ile inaonyesha nguvu inakopita. Ardhi ikirudi upande wa pili, mikunjo inahamia mshazari mwingine. Kila mzunguko chuma kinanyooka kidogo na kumeza sehemu ya nguvu ya tetemeko, na hakivunjiki ghafla kama tofali. Kanada waliingiza ukuta wa namna hii kwenye kanuni zao za chuma mwaka 1994, Marekani mwaka 2005. Nikupigie hesabu: bamba la milimita tatu, chuma cha kawaida cha sokoni, upana wa mita tatu. Linaweza kuzuia msukumo wa ubavuni wa karibu tani 90.

MAMA: Tani tisini! Halafu mnaniambia nijenge matofali?

MCHOMELEAJI: Subiri, Mama, kwa sababu mimi nililijaribu. Nilichomelea fremu ya vyuma vya pembe, nusu mita kwa nusu mita, nikaiziba kwa bati nililolikata kwenye pipa bovu la mawese. Chini nikaifunga kwa bolti kwenye benchi, juu nikaisukuma kwa jeki ya gari. Bati lilijikunja mapema mno, mikunjo mitatu ya mshazari, nikadhani kazi imekwisha. Lakini jeki ilizidi kuwa nzito. Bati halikuchanika hata sehemu moja. Kilichosalimu amri ni chuma cha pembe cha pembeni: kilipinda katikati, kikaelekea ndani, kama kimevutwa kwa kamba.

INJINIA: Hapo umeona kwa macho yako kile ambacho vitabu vinakiandika kwa kurasa nyingi. Bamba likivutwa mshazari, linavuta kila kilichoshikamana nalo. Katika mfano wangu wa tani 90, kila mita moja ya urefu wa nguzo inavutwa kuelekea ndani kwa nguvu ya kama tani 36. Nguzo ya mita tatu inavutwa kwa zaidi ya tani mia, na wakati huohuo imebeba ghorofa. Nguzo zinazomwagwa hapa mjini, za sentimita 25 kwa 25 zenye nondo nne za milimita 12 na ringi zilizoachana sana, zitapasuka kabla bamba halijaanza kazi yake. Ndiyo maana ukuta wa chuma si bamba tu. Ni nguzo nzito za chuma, ni mihimili mizito juu na chini, ni msingi unaoweza kuzuia nguzo moja isizame na nyingine isinyanyuke. Bamba ndilo sehemu ya bei rahisi.

Nikiwasikiliza wawili hawa naona Mchomeleaji amefanya kazi ya maana sana na jeki yake, kwa sababu kosa ambalo lingekuja kirahisi hapa ni lile la kununua bamba zuri na kulichomelea kwenye nondo zilizochomoza kutoka nguzo dhaifu. Jengo hilo lingekuwa la hatari kuliko lisilo na bamba kabisa. Na nguzo nzito za chuma hazipatikani Rumonge. Zinaingia nchini kutoka nje, kwa njia ndefu kama ile ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, zinalipiwa kwa fedha za kigeni, na ukizihitaji sita huwezi kuchukua mbili leo na nne mwakani kama unavyochukua saruji.

MAMA: Nitauza mawese, nitazinunua. Swali langu ni nafasi.

INJINIA: Basi tuitazame hiyo nafasi, Mama, kwa sababu nadhani unaihesabu kwa upande usiostahili. Kuta kati ya duka na duka zinatoka barabarani kwenda nyuma. Hizo zitalizuia jengo lisiyumbe kuelekea barabarani au kuelekea uani. Hata zikiwa za matofali zinakula sentimita ishirini kila moja, si kitu. Tatizo lako ni upande mwingine, sambamba na barabara. Nyuma kuna ukuta wa stoo. Mbele ni milango mitupu. Ardhi ikienda sambamba na barabara, nyuma itashikwa na mbele itaachiwa, na jengo zima litazunguka kwenye ukuta wa nyuma kama mlango kwenye bawaba. Kwa hiyo unahitaji ukuta mbele, kwenye pembe mbili, unaotazama barabara. Ukuta huo kazi yake inategemea urefu. Ukiwa mita moja na nusu kila pembe, umepoteza mita tatu za kioo cha duka, uwe wa zege, wa tofali au wa chuma. Bamba linakupunguzia unene tu, na unene haukuwahi kuwa tatizo lako.

MAMA: Kwa hiyo chuma hakinirudishii duka langu la nne.

INJINIA: Chuma kingeweza kuwa na upana mdogo zaidi, kwa nguvu zake. Lakini ukuta ukiwa mwembamba na mrefu kwenda juu, unataka kupinduka, na nguzo zake zinazidi kuwa nene. Ulichokiokoa kwenye bamba unakilipa kwenye nguzo na msingi.

Kwangu mimi, mjadala wa maduka uliishia hapo. Mabamba yana faida kubwa jengo linapokuwa refu mno kwenda juu, pale ambapo kila tani inayopunguzwa inapunguza msingi, na kila sentimita ya unene inarudiwa kwenye ghorofa hamsini. Ndiyo sababu hoteli ya ghorofa 54 iliyofunguliwa Los Angeles mwaka 2010 katika eneo la L.A. Live iliacha kuta za zege ikachukua chuma. Jengo la ghorofa tatu la Rumonge halina shida hiyo. Ila Muuguzi alikuwa amenyamaza muda mrefu, na alichokileta hakikuwa cha maduka.

MUUGUZI: Ninyi mnazungumza duka, ambalo usiku linafungwa. Mimi nafikiria wodi. Tetemeko likija usiku, mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji hakimbii. Na asubuhi yake ndipo majeruhi wote wa wilaya wanapoletwa kwetu. Je, kuna hospitali iliyojengwa kwa mabamba haya ikapigwa kweli?

INJINIA: Ipo, dada, na historia yake ina sehemu mbili. Olive View, Sylmar, California. Jengo la kwanza lilikuwa jipya kabisa tetemeko la tarehe 9 Februari 1971 lilipolifika. Ghorofa za juu zilikuwa na kuta nzuri za zege. Kuta hizo zilikoma kabla ya kufika chini, zikabaki nguzo. Ghorofa za juu zilikaa nzima zikayumba juu ya nguzo zilizopinda, na minara ya ngazi ikang'oka. Hospitali ikabomolewa.

MZEE MWASHI: Kuta juu, nguzo chini. Hilo ni jengo la Rumonge.

INJINIA: Ni hilohilo, Mzee. Wakajenga upya mahali palepale, ghorofa sita: mbili za chini kwa kuta za zege, nne za juu kwa mabamba ya chuma. Ilifunguliwa mwaka 1987. Tarehe 17 Januari 1994 likaja tetemeko la Northridge, 6.7, karibu yake sana. Vipimo vilivyokuwa juu ya paa viliandika mtikiso unaozidi mara mbili nguvu ya uvutano wa dunia. Mifupa ya jengo haikuvunjika.

MUUGUZI: Na wagonjwa?

INJINIA: Walihamishwa. Mabomba ya maji yalikatika, maji yakamwagika kwenye wodi, hospitali ikashindwa kuendelea kwa siku kadhaa.

MUUGUZI: Basi jengo lilipona, hospitali haikupona.

Kauli hiyo sikuweza kuipita. Ukuta mgumu unazuia jengo lisipinde, lakini ugumu huohuo unapeleka mtikiso wote juu, kwenye mabomba, kwenye mitungi ya oksijeni, kwenye kabati la dawa lisilofungwa ukutani. Mahali ambapo zahanati nyingi zina tangi la maji juu ya paa, Muuguzi amegusa jambo ambalo halihitaji bamba wala fedha za kigeni: kulifunga tangi hilo, kuyapa mabomba nafasi ya kucheza pale yanapotoboa ukuta, kuyafunga makabati kwa skrubu. Hayo yanaweza kufanywa wiki hii.

MZEE MWASHI: Mimi nina hoja mbili za chuma ambazo hamjazitaja. Moto na kutu. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013. Kila aliyepita pale baadaye aliona vyuma vilivyojikunja. Mama anataka kuweka mapipa ya mawese chini ya nguzo za chuma!

INJINIA: Hoja ya moto ni nzito, sitaipunguza. Chuma kikifika nyuzi joto 600 kimepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na zege huwa linavumilia muda mrefu zaidi. Bamba lenyewe halibebi ghorofa, kwa hiyo likilegea jengo halishuki. Nguzo ndizo za kulinda: ama zifunikwe kwa zege, ama zipigwe lipu nene, ama stoo ya mawese iwekwe nje kabisa. Mimi ningeiweka nje hata kama jengo ni la zege. Kuhusu kutu, ziwa letu si bahari. Hewa yake haina chumvi ya Mombasa au Zanzibar, na chuma kilichopakwa rangi vizuri kinadumu. Hatari iko chini, kwenye kitako cha ukuta. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021 na tena 2024, nyumba za ufuoni zilikaa ndani ya maji. Bamba la milimita tatu likianza kuliwa chini, pale ambapo nguvu ni kubwa kuliko kwingine kote, hulioni, kwa sababu limefunikwa na sakafu.

MAMA: Kiwanja changu kiko ng'ambo ya barabara, mbali na zile mita 150 za ufuo ambazo sheria inakataza kujengwa. Maji hayanifikii.

MZEE MWASHI: Vizuri. Sasa niseme kazi yangu, kwa maana mmeninyamazisha na tani tisini. Vijana wa siku hizi wanamwaga nguzo kwanza, wanamwaga boriti, fremu ikikauka ndipo wanaziba kwa matofali. Tofali limekaa ndani ya fremu halijashikwa na kitu. Kati yake na nguzo kuna ufa unaopitisha karatasi. Sisi tulifundishwa kinyume. Unapanda ukuta wa tofali kwanza, ncha zake unaziacha na meno, tofali moja ndani, moja nje. Ndipo unasimamisha nondo kwenye pengo, unapiga mbao pande mbili, unamwaga zege. Zege linaingia kwenye meno. Juu unafunga mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima. Hapo ukuta na nguzo vinakuwa kitu kimoja. Hakuna chuma cha Dar es Salaam, hakuna mtambo. Kinachotakiwa ni tofali lililoiva vizuri na fundi asiyeiba saruji.

INJINIA: Mzee wangu, ulichokieleza ndicho kinachojengwa Chile na Mexico, nchi zinazopigwa na matetemeko makubwa kuliko yetu. Kwa nyumba za ghorofa moja, mbili, hata tatu, kuta zikiwa nyingi za kutosha pande zote mbili na zikishuka mpaka msingini, mimi nitaweka sahihi yangu. Neno langu ni moja: ringi. Juu na chini ya kila nguzo ringi zikaribiane, sentimita kumi, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege, zisiachwe kwa pembe ya mraba.

MCHOMELEAJI: Naona mmekwisha kuelewana, mimi nimebaki na mageti yangu. Lakini niulize. Majengo yaliyokwisha simama, yale ya nguzo chini na kuta juu, yote ya barabara hii, mtayafanyaje? Mtayabomoa? Mtaingia na matofali ndani ya duka linalouza?

Nilikuwa nalisubiri swali hilo, na hapa nasimama upande wa Mchomeleaji waziwazi. Kwa jengo jipya la Rumonge, Mzee Mwashi ameshinda. Kwa jengo lililokwisha jengwa, bamba lina hoja ambayo tofali halina. Ni jepesi, haliongezi mzigo kwenye msingi wa zamani. Linaweza kuingia vipande vipande kupitia mlango wa duka na kufungwa kwa siku chache. Na halilazimiki kuwa la milimita tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, walijaribu mabamba membamba ya kama milimita moja kwa ajili ya kuimarisha majengo dhaifu. Bamba la milimita moja linavuta nguzo kwa theluthi ya nguvu ya lile la tatu, na ukilitoboa matundu kwa mpango maalumu linavuta kidogo zaidi. Nguvu ya tani 30 kwenye pembe mbili za duka ambalo leo halina chochote ni tofauti kati ya jengo linalopinda na jengo linalolala.

INJINIA: Kwa masharti, mwandishi. Bamba lisishikamane na nguzo ya zamani moja kwa moja. Liwe na fremu yake ya chuma, nguzo zake mbili, zilizofungwa kwenye zege kwa bolti za kutosha na zilizoshuka mpaka kwenye msingi mpya. Na mkanda wa chuma uchomelewe kwanza kuzunguka fremu, bamba lije juu yake, ili kosa la milimita kumi la vipimo lisizibwe kwa kujaza chuma cha kuchomelea.

MCHOMELEAJI: Hilo la mkanda nalijua. Bati jembamba ukilichomelea mfululizo upande mmoja linapinda kwa joto kabla hujafika mwisho. Unapiga nukta, unaruka, unahamia upande wa pili, unarudi. Nitalifanya. Tatizo langu ni jingine. Nikichomelea geti vibaya, mteja anaona geti limeachia, ananirudishia. Nikichomelea ukuta vibaya hakuna atakayejua mpaka siku ya tetemeko. Nani atakuja kukagua?

INJINIA: Mimi nitakagua kwa macho na kwa nyundo. Kuna dawa ya rangi nyekundu inayopakwa kwenye mshono, ikifutwa inaonyesha ufa mdogo usioonekana. Si ghali. Lakini mkaguzi anayelipwa na mwenye jengo, na mwenye jengo anataka kufungua duka Jumatatu, sijui atakuwa na moyo gani wa kusema mshono huu ukatwe urudiwe.

MAMA: Mimi ndiye mwenye jengo, kwa hiyo nijibu. Kwenye kiwanja kipya nitajenga maduka matatu, na pembe mbili za mbele nitaweka kuta za zege kama mtakavyochora. Kuta za juu zote zikae juu ya kuta za chini. Mzee atazipanda kwa meno yake. Mawese yatapata banda lake uani. Lakini ninalo jengo jingine pale karibu na soko, aliloliacha marehemu mume wangu, nguzo tupu chini. Wapangaji sita juu, na watoto. Hilo ndilo ninalotaka mlitazame.

INJINIA: Nitaanza kwa kuchimba pembeni mwa nguzo mbili nione msingi una kina gani, na kutoboa zege nione ringi ziko wapi. Kabla ya hapo sitasema bamba wala sitasema tofali.

MZEE MWASHI: Msingi wa jengo lile niliumwaga mimi. Una mita moja na robo, na nguzo za pembeni zina nondo sita, si nne. Lakini zile mbili za katikati, marehemu alipunguza saruji ili kazi imalizike kabla ya mvua. Chimba hizo.